Kifungu cha Nane Kilichoandikwa Joshoni

Vijana wangu wa masijala, mliniaga kwa chai na maandazi, mkanipa saa ya ukutani, halafu mmoja wenu akaniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri kwa sababu nilikuwa na andazi mdomoni. Aliniuliza: "Mzee, katika miaka yote hiyo ya mahakamani, ni siku gani ulirudi nyumbani ukashindwa kula kwa furaha?" Nimekaa hapa Kiomboi wiki tatu sasa nikiwasumbua kuku wa mke wangu, na jibu ninalo. Nitaliandika lote. Vyeo sitavitaja, na mishahara sitaitaja pia, maana hata yenyewe haikuwa na la kusema.

Niliingia kazini Singida Mjini Uhuru ukiwa bado mchanga, bendera mpya haijapauka hata kidogo. Mimi ni Mnyiramba kwa baba, lakini mama yangu ni Mnyaturu, kwa hiyo lugha zote mbili nilizinyonya pamoja na maziwa. Ndiyo sababu walinichukua kuwa karani na mkalimani. Siku ya kwanza nilivaa kaptura iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa mpaka ikasimama yenyewe, nikafika saa moja kasoro, nikakuta mlango umefungwa na mbuzi wawili wa ushahidi wamefungwa kwenye nguzo. Tukasubiri wote watatu.

Hakimu alikuwa Mzee Shabani, mtu mfupi mwenye sauti nzito, aliyekuwa na tabia ya kuchonga penseli yake wakati shahidi anadanganya. Kesi ya kwanza ilikuwa ya mbuzi wale wale. Mdaiwa alipozidiwa na maswali alimgeukia hakimu, akasema kwa Kinyaturu kwamba tumbo lake ni kama la nyati mwenye mimba na akili zake zimo humo humo. Mimi kwa adabu zangu za nyumbani nikatafsiri: "Anasema hakubaliani na mheshimiwa."

Mzee Shabani akaacha kuchonga. "Karani, mimi nimeoa huku," akasema. "Nina shemeji kumi na mmoja, na wote wananitukana. Mwandike alivyosema."

Nikaandika tumbo, nikaandika nyati, nikaandika na mimba. Watu walikuwa wanacheka hadi machozi. Jioni aliniita ofisini akaniambia, "Leo umempunguzia mtu matusi. Kesho utampunguzia mwingine ukweli, na huyo atafungwa. Wewe ni mdomo wa mtu asiye na mdomo hapa ndani. Usiongeze, usipunguze." Nilikula kiapo siku iliyofuata, lakini mimi nahesabu kwamba niliapa jioni ile.

Jambo la pili alilonifundisha ni desturi ya baraza. Kwa wazee wa kule hakuna kuhesabu mikono. Jambo linazungumzwa mpaka mpingaji wa mwisho anyamaze, na akibaki mmoja tu anayekataa, basi jambo limekufa. Ila Mzee Shabani aliongeza kanuni yake: anayetaka kukataa hadi mwisho asimame, ataje jina lake na sababu yake, na karani aandike. Nilidhani ni mbwembwe za uzee tu.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa baada ya Azimio la Arusha, wakati kila ofisi ilikuwa inahimizwa kutumia Kiswahili, na hata wale waliokuwa wakikohoa kwa Kiingereza walianza kujirekebisha. Akaja kijana mmoja kutoka Dar es Salaam, mwanasheria wa serikali, Bwana Mhando, mtu wa Tanga, mrefu, mwembamba, mwenye miwani na mkoba uliojaa mpaka haufungiki. Alikuja kwa basi la Dodoma akiwa mweupe kwa vumbi kama mtu aliyetoka kusaga unga.

Alitandaza karatasi mezani akatueleza. Nchi yetu ilikuwa imekubali mikataba ya dunia inayosema kwamba kuua mateka, kuchinja raia wasio na silaha, au kuangamiza watu kwa sababu ya kabila lao ni kosa, vita iwepo isiwepo, na aliyeamriwa na aliyejiamulia wote ni wakosaji. "Lakini mkataba ni mazungumzo ya serikali na serikali," akasema. "Askari wa hapa Singida hawezi kumkamata mtu kwa mkataba. Anahitaji sheria ya nchi hii, yenye kifungu na adhabu. Tuseme mtu amechoma kijiji ng'ambo ya mpaka wa kusini, watu wakiwa ndani. Anakimbia, anafika hapa, anafungua duka. Mtamshtaki kwa kosa gani?"

"Kwa kukosa leseni ya duka," akajibu Mzee Shabani.

Bwana Mhando alicheka mpaka akavua miwani. "Ndiyo hasa, mzee wangu. Leo ni hilo tu." Basi kazi yake ilikuwa kuandika rasimu ya sheria hiyo kwa Kiswahili kinachoeleweka, halafu kuisoma mbele ya wananchi mahali pasipo na bandari wala balozi, aone kama inaeleweka. Akauliza nani atamsaidia. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza, kama mtoto wa darasa la pili.

Enyi vijana, zile wiki tatu! Sijawahi kuwa na raha kama ile. Tulikaa chumba cha masijala tukibishana juu ya kila sentensi. Yeye anasoma Kiingereza chake, mimi nasema kwa Kiswahili, kisha tunamwita mhudumu wa usafi, Bibi Asha, tunamsomea. Akikunja uso, tunafuta. Akisema "Ehee, hapo sawa," tunapiga chapa. Mashine yetu ya chapa herufi ya k ilikuwa inanata, na hebu jaribuni kuandika Kiswahili bila k. Nilikuwa nikiibandua kwa ukucha kila ilipopigwa, na mpaka leo ukucha huu wa kidole cha shahada umekaa upande. Tukipata ukurasa safi tunauhamisha kwenye karatasi ya nta, tunaupitisha kwenye mashine ya kudurufu, na mimi natoka na wino mpaka viwikoni. Nilikuwa nikijiambia kwamba dunia nzima inaongea habari hii, na sehemu moja ya maneno yake inatoka kwenye ukucha wangu.

Kifungu cha saba kilisema kwamba aliyeua kwa kutumwa hawezi kujitetea kwa kusema ametumwa, ingawa mahakama inaweza kumpunguzia adhabu. Nikasoma, nikageuza ukurasa, nikatafuta. "Na aliyemtuma?"

Bwana Mhando akashusha pumzi. "Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi," akasema. "Mikataba inamtaja. Lakini baadhi ya wakubwa zangu hawataki kifungu chake kiwemo. Wanaogopa kwamba kesho kila kiongozi atashtakiwa kwa kila alichosema. Nikirudi na muhtasari wa baraza uliotiwa dole gumba, unaosema wananchi wenyewe wamedai aliyetuma ahesabiwe, hawataweza kunirudisha. Nikirudi bila huo, kifungu cha nane hakipo."

Basi hapo ndipo kazi ilipokuwa. Baraza likubali kwa neno moja, au mtumaji apone.

Nikapewa jukumu la kuwaalika wazee wa kijiji kimoja kaskazini ya mji, ambacho jina lake naliacha. Nilichagua siku ya josho, kwa sababu siku hiyo wafugaji wote wanaleta ng'ombe kuogeshwa dawa ya kupe na hakuna haja ya kuwatafuta. Nilijiona mjanja sana. Majina niliyatoa kwenye daftari la zamani la wazee wa baraza, nikayanakili yote kumi na manne kwa mwandiko mzuri, nikapeleka barua. Kosa langu la maisha lilikuwa katika barua hizo.

Asubuhi yenyewe Mzee Shabani aliitazama orodha tukiwa ndani ya Landrova, akaweka kidole juu ya jina moja. Nitamwita Mzee Njiku, ingawa si jina lake. "Huyu nani kamwalika?"

"Yumo daftarini, mheshimiwa."

"Daftari hilo ni la mkoloni," akasema. "Ungeniuliza."

Inabidi nieleze, kwa sababu ninyi mmezaliwa baadaye. Enzi za mkoloni mkoa wetu ulikumbwa na mauaji ya watu-simba. Mtu mwenye kisa na mwenzake alimtuma mwingine, naye huyo akavaa ngozi ya simba na makucha ya chuma, akaenda kuua, na asubuhi watu wakasema ni mnyama. Waliotumwa wengi walikuwa vijana walioibwa kwao, wakafichwa na kufugwa kwa kazi hiyo mpaka wakasahau kucheka. Baadhi walikamatwa wakanyongwa. Waliotuma, wengi walibaki wanakunywa togwa yao. Mzee Shabani alijua mtaani kunasemwa nini kuhusu Mzee Njiku. Mimi mtu wa kuja kutoka Iramba sikujua kitu.

Josho lilikuwa limejaa. Ng'ombe wanaruka ndani ya maji ya dawa mmoja mmoja, wanatoka upande wa pili wamekasirika, wachungaji wanapiga miluzi, harufu ya dawa inakata pua. Wazee wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wa josho. Nikasoma rasimu kwa Kiswahili, kisha nikaieleza kwa Kinyaturu, kifungu kwa kifungu. Walikuwa makini sana, wakauliza maswali ambayo Bwana Mhando aliyaandika yote. Mmoja akauliza kama vita ya wizi wa ng'ombe ni vita. Mwingine akauliza mateka wa kike ana haki gani. Bwana Mhando alikuwa ananong'ona, "Hawa wangekuwa walimu wangu," na mimi nilikuwa najiona nimeota mabawa.

Tukafika kwenye swali la mtumaji. Wazee wakaanza kuitikia, huyu na huyu, kwamba aliyetuma lazima ahesabiwe. Ndipo Mzee Njiku, mtu mzima mwenye mvi safi na shuka jekundu, akasema akiwa amekaa: "Mimi sikubali. Aliyetuma ana mdomo tu, na mdomo hauchomi mtu. Mkimfunga kila aliyetamka neno, nani atabaki kuongoza?"

Nikatafsiri. Bwana Mhando akageuka rangi. "Ni maneno yale yale ya ofisini kwetu," akaniambia kwa sauti ya chini, "ila huyu hana tai."

Wazee wakamsihi. Mmoja akamwambia, "Njiku, ndugu yangu, wenzako wote tumekubali." Akajibu vile vile, bila hasira, akiwa ametulia kama mtu anayengoja mvua ipite: "Mimi sikubali." Mnakumbuka desturi: mmoja akikataa, jambo limekufa. Jua likapanda. Ng'ombe wa mwisho walikuwa wanapita. Bwana Mhando akaanza kufunga mkoba wake polepole, na mimi nilitaka kulia, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, kwa sababu ya karatasi.

Hapo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, upande wa foleni ya ng'ombe. "Nina neno."

Alikuwa mama wa makamo anayeelekea uzee, mjane, amekuja na ng'ombe wake wawili kama watu wengine. Hakualikwa na hakuwa kwenye daftari lolote. Watu walimwita Mama Salimu. Wazee wawili watatu wakaguna. "Mama, hili ni baraza la wazee," mmoja akamwambia kwa upole.

Mzee Shabani akamgeukia mwanasheria. "Bwana Mhando, sheria hii ni ya wazee au ya watu wote?"

"Ya dunia nzima, mzee."

"Basi na huyu yuko duniani. Sema, mama."

Mama Salimu akamkabidhi mchungaji mmoja kamba ya ng'ombe wake, akaja mbele. Alizungumza Kinyaturu, taratibu, akinitazama mimi na si wazee, na mimi nikamgeuzia Bwana Mhando neno kwa neno.

"Salimu mwanangu alipotea akiwa kijana wa kuoa. Tulimtafuta miaka miwili. Tulipomwona tena alikuwa amefungwa pingu, wanasema ni simba. Sikatai aliyoyafanya. Walioliwa walikuwa na mama zao. Siku ya kesi nilikatazwa kuingia, nikasimama dirishani. Mzungu akamuuliza, nani alikutuma? Mwanangu akalitaja jina. Nililisikia kwa masikio haya. Mkalimani akamwambia Mzungu, anasema hajui."

Nilisimama. Sauti ya Mzee Shabani ya siku ya kwanza ilinipigia kichwani, na nilisikia aibu kali kwa niaba ya mtu nisiyemjua, mkalimani mwenzangu, aliyepunguza. Nikatafsiri hilo nalo, lote, mpaka neno la mwisho. Bwana Mhando alikuwa ameacha kuandika.

"Walimnyonga mwanangu," Mama Salimu akaendelea. "Haki yao. Lakini kamba ilikuwa na ncha mbili, na ncha ya pili haikufungwa kwa mtu."

"Lilikuwa jina gani, mama?" nikauliza. Ulimi uliniponyoka, swali halikuwa langu.

Akageuka kuwatazama ng'ombe wake. "Silitaji. Leo sikuja kugombana, nimekuja kuogesha ng'ombe. Ninataka sheria tu. Aliyetuma afungwe pamoja na aliyetumwa, na asipone kwa kusema hakuwepo."

Mzee Shabani akachukua penseli yake, akaitazama, akairudisha mfukoni bila kuichonga. Kisha akasema kwa ile sauti yake nzito: "Mmesikia. Anayepinga neno la mama huyu asimame. Karani ataandika jina lake na sababu yake."

Nikafungua kalamu. Enyi vijana, nimeandika hukumu nyingi, lakini sijawahi kushika kalamu namna ile. Watu mia mbili na zaidi, na palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia maji ya josho yakidondoka kwenye matumbo ya ng'ombe. Wazee kumi na watatu walikuwa wanaangalia mbele. Mzee Njiku aliinama kufunga kamba za viatu vyake, na alikuwa amevaa katambuga za tairi, ambazo hazina kamba. Alizifunga kwa muda mrefu sana. Hakusimama.

"Hakuna mpingaji," akasema Mzee Shabani. "Andika."

Nikaandika! Wazee wakaja mmoja mmoja kutia dole gumba kwenye muhtasari, Mzee Njiku akiwa wa nane, na dole lake lilitoka vizuri kuliko yote. Bwana Mhando akaomba na Mama Salimu atie lake. Mama akalitia, akalitazama gumba lake jeusi, akalipangusa kwenye mgongo wa ng'ombe, akaondoka kushika njia yake.

Tulirudi mjini tukipiga kelele kwenye Landrova kama wachezaji waliotwaa kombe. Mke wangu alikuwa amepika ugali wa uwele na mlenda, akaniwekea na kuku juu yake, na sikuweza kumeza hata tonge. Hiyo ndiyo siku uliyoniuliza, kijana wangu. Nilirudi ofisini, nikapiga chapa kifungu cha nane kwa maneno ya Mama Salimu kama alivyoyasema, nikibandua herufi ya k kwa ukucha, naimba.

Bwana Mhando aliondoka kwa basi. Miezi kadhaa baadaye ikaja bahasha ya kahawia. Kifungu kilikuwa kimo, kimeongezewa maneno ya kisheria mbele na nyuma, lakini katikati ni Mama Salimu mtupu, "na hatapona kwa kusema hakuwepo". Wakubwa walikuwa wamekubali, rasimu inasubiri zamu yake ya kwenda Bungeni. Ilisubiri sana, ikapita mikono mingi, ikapangwa upya na watu waliotufuata, na mengine mnayajua kuliko mimi. Siku ile sikuyawaza hayo. Nilipanda baiskeli mpaka kijijini, nikamkuta Mama Salimu anapepeta uwele, nikamwamkia, nikamsomea mara mbili.

Alisikiliza ungo ukiwa magotini. Uso wake ulichangamka nikamwona alivyokuwa msichana. "Kwa hiyo sasa mtamchukua," akasema.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimebeba nusu ya habari tu. Nikamweleza, kwa sababu nimeapa. Sheria kama hii haigeuki nyuma. Inamshika atakayetuma baada ya siku yake ya kuanza. Aliyetuma zamani haimgusi, na hata ikipitishwa kesho, yule haimhusu.

Nilitamani ardhi inimeze na baiskeli yangu. Kisha akaanza tena kupepeta.

"Na yeye anajua hivyo?" akauliza.

"Hajui, mama. Hajui mtu yeyote hapa kijijini."

"Basi usimwambie."

Wiki mbili baadaye nilipita kijiji hicho kupeleka hati za wito. Mzee Njiku alikuwa amesimama njiani, na nilimwona kwamba alikuwa ananingoja. Amekonda, shuka limekuwa kubwa kwake. "Karani," akasema, "ile sheria yenu ya joshoni, imeanza? Inamshika mtu wa namna gani?"

Kiapo changu kilinitaka nitafsiri kila neno linalosemwa mahakamani. Hapo tulikuwa njiani.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia, nikapanda baiskeli yangu. Sikusikia marahaba.